Mwendo Unaokamilikia Mkononi mwa Mtazamaji

Leo tuizungumzie kazi unayoiona kila siku, na ambayo huenda hujawahi kujiuliza inafanywa na nani. Unafungua tovuti ya benki kwenye simu, menyu inateleza kutoka ubavuni. Unabonyeza kitufe cha kutuma, kinadidimia kidogo kisha kinageuka kuwa alama ya vema. Unasubiri ukurasa ufunguke, duara dogo linazunguka. Unasoma matokeo ya uchaguzi kwenye gazeti la mtandaoni, nguzo za takwimu zinarefuka mbele ya macho yako. Vyote hivyo vina mwenyewe. Kuna mtu aliyekaa akaamua kitu kianzie wapi, kiishie wapi, kitumie sehemu gani ya sekunde, na kiondoke kwa upole au kwa ghafla. Kisha yeye, au mwenzake, akauandika uamuzi huo kwa msimbo ambao kivinjari kinauelewa. Hiyo ndiyo kazi ya kusanifu na kuandika michoro jongefu ya wavuti.

Ninalotaka kulisema juu ya kazi hii ni moja. Filamu hukamilika studioni, lakini mchoro jongefu wa wavuti hukamilikia mkononi mwa anayeutazama. Unachorwa papo hapo na simu yake, kwa nguvu ya betri yake na bando alilolilipia yeye, mbele ya macho ambayo msanifu hajawahi kuyaona. Msanifu akilishika jambo hilo, kila anachokichora hubadilika. Asipolishika, hata awe na kipaji cha namna gani, kazi yake itawaelemea watu.

Tuanzie kwenye filamu, maana ndiko sanaa hii ilikotoka. Kati ya mwaka 1923 na 1926, msanii wa Ujerumani Lotte Reiniger alitengeneza filamu ndefu juu ya Mwanamfalme Ahmed, akichukua visa kutoka Alfu Lela Ulela, hadithi ambazo Waswahili nao wamezisoma na kusimuliana kwa vizazi. Alikata kwa mkasi maumbo ya watu, farasi na majini kutoka kwenye karatasi nyeusi, akaunga viungo vyao ili viweze kukunjika, akayalaza juu ya kioo kinachomulikwa kwa chini. Aliyasogeza kidogo, akapiga picha, akayasogeza tena. Kati ya filamu ndefu za uhuishaji zilizosalia duniani, hiyo ndiyo kongwe kuliko zote. Baadaye, mwaka 1958, msanifu Saul Bass alitengeneza utangulizi wa filamu ya Vertigo ya Alfred Hitchcock, na ile mizunguko inayojikunja kama inakumeza ilichorwa kwa msaada wa John Whitney, aliyetumia mtambo wa kulengea mizinga ya kutungulia ndege uliobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1960 Whitney akafungua kampuni yake, Motion Graphics, na jina la kampuni likaja kuwa jina la fani nzima.

Sasa tazama jambo ambalo Reiniger, Bass na Whitney walikuwa nalo na sisi wa wavuti hatuna. Mkanda ulipotoka studioni, kila kitu kilikuwa kimeshaamuliwa. Watazamaji wa Berlin na wa Paris waliona fremu zilezile, kwa mpangilio uleule, kwa ukubwa uliokusudiwa. Hakuna aliyeweza kuugusa mchoro, wala kuusimamisha katikati, wala kuutazama kwenye kioo cha upana wa vidole vinne. Ukurasa wa wavuti hujengwa upya kila unapofunguliwa. Mmoja anaufungua kwenye kompyuta kubwa ofisini, mwingine kwenye simu ya miaka sita ambayo hifadhi yake imejaa, mwingine kwenye basi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka. Wote hao ni watazamaji wako.

Watu wa wavuti walitafuta njia ya kufanya vitu vitembee tangu mapema sana. Faili la GIF lililetwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na katikati ya miaka ya 1990 kivinjari cha Netscape kikaliwezesha kujirudia bila kikomo. Ndipo kurasa zikajaa mioto inayowaka na bahasha zinazojifungua. Lakini GIF hubeba picha zenyewe, moja baada ya nyingine, kila picha ikiwa na rangi zisizozidi 256. Ukitaka mwendo laini unaongeza picha, na kila picha unayoiongeza inaongeza uzito wa faili.

Mwaka 1996 likatokea jambo kubwa zaidi. Jonathan Gay na wenzake wa kampuni ndogo ya FutureWave walitoa programu iitwayo FutureSplash Animator. Kabla mwaka haujaisha, Macromedia iliinunua kampuni hiyo na programu ikaitwa Flash. Wasikilizaji wenye umri wangu wanaikumbuka. Uzuri wake ulikuwa huu: mtu mmoja aliweza kuchora umbo, kulipa mwendo, na kuandika msimbo wa kuliongoza, yote mahali pamoja. Michoro yake ilikuwa ya vekta, yaani ilihifadhiwa kwa hesabu za mistari na mikunjo badala ya doa moja moja la rangi, kwa hiyo ilipita hata kwenye laini za simu za wakati ule. Wasanii wengi waliojua kalamu tu walijikuta wamejifunza kuandika programu, kwa sababu walitaka wahusika wao waitikie mguso wa mtu. Mimi naamini hakuna chombo kilichotangulia wala kilichofuata kilichowafungulia mlango wachoraji wengi kiasi hicho.

Lakini Flash ilikuwa na kasoro iliyoiua. Ilihitaji programu ya ziada ndani ya kivinjari, na programu hiyo ilikuwa na mianya ya kiusalama iliyozibwa leo ikafunguka kesho. Ilikula betri. Maandishi yaliyokuwa ndani yake mara nyingi hayakusomeka na programu zinazowasomea wasioona, wala injini za kutafutia hazikuyafikia vizuri. Kazi ya Flash ilikaa ndani ya ukurasa bila kuwa sehemu ya ukurasa. Simu ya iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuipokea, na Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini. Adobe, iliyokuwa imeinunua Macromedia, iliacha kuiendeleza Flash ya simu mwaka 2011. Mwaka 2017 ikatangaza mwisho wake. Msaada ukakoma tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 programu yenyewe ikakataa kuonyesha kazi za Flash. Miaka zaidi ya ishirini ya michezo, katuni na majaribio ya wasanii ikafungwa. Nashukuru kwamba maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive ilianza kuziokoa Novemba 2020 kwa kutumia programu iitwayo Ruffle, ambayo inaigiza Flash ndani ya vivinjari vya leo. Somo lililobaki ni zito: ukiujenga uzuri wako juu ya kitu ambacho mtazamaji analazimika kukibeba zaidi, siku atakapokitua, uzuri wako nao utatuliwa.

Leo mwendo umeingia ndani ya ukurasa wenyewe. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, lilipitisha SVG mwaka 2001, lugha ya kueleza michoro ya vekta kwa maandishi. Mwaka 2007 watengenezaji wa WebKit, kiini cha kivinjari cha Safari, walileta uhuishaji ndani ya CSS, lugha ileile inayopanga rangi na nafasi za ukurasa. Ukiweka juu yake JavaScript, lugha ya kuandikia programu ndani ya ukurasa, una vyote alivyokuwa navyo msanii wa Flash, bila programu ya ziada. Kwa mwendo wenye hatua nyingi zinazofuatana, wengi wanatumia maktaba ya msimbo iitwayo GSAP. Kwa vitu vya pande tatu kuna three.js, iliyoanzishwa na Ricardo Cabello mwaka 2010.

Na kuna Lottie. Mwaka 2017 wahandisi wa Airbnb walitoa chombo hicho ili kutatua tatizo moja: msanifu anachora mwendo mzuri kwenye programu ya After Effects, kisha mwandishi wa msimbo anaanza kuuiga upya kwa macho, na mwendo unaotoka siyo uliokusudiwa. Kwa kutumia kiunganishi kilichoandikwa na Hernan Torrisi, kiitwacho Bodymovin, mchoro hutolewa kama faili la maelezo: umbo hili, rangi hii, fremu ya 10 liwe hapa, fremu ya 40 liwe pale. Simu inayasoma maelezo na kujichorea yenyewe. Jina Lottie walilitoa kwa Lotte Reiniger, yule mama wa mkasi na karatasi nyeusi. Naona heshima hiyo ilifika mahali pake. Naye maumbo yake aliyakata mara moja, kisha kilichobaki ikawa kuamua kila kiungo kiwe wapi katika kila picha.

Hapo tumefika kwenye tofauti inayobeba kazi hii yote. Faili la video hubeba picha. Msimbo hubeba maelekezo. Duara linalozunguka wakati wa kusubiri linaweza kuandikwa kwa SVG na CSS katika herufi mia chache tu, uzito ambao bando halitauhisi. Lakini maelekezo lazima yatekelezwe, na anayeyatekeleza ni simu ya msomaji. Kwa hiyo msanifu anapaswa kujua simu hiyo inapitia nini.

Skrini nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60, unapata milisekunde 16.7. Huo ndio muda wote ambao kivinjari kinao wa kutayarisha fremu moja. Skrini mpya zinazochora mara 120 zinakiachia milisekunde 8.3 tu. Simu yenye skrini ya pikseli 1080 kwa 2400 ina nukta zaidi ya milioni mbili na nusu. Kuzichora zote mara 60 ni nukta zaidi ya milioni 155 kwa sekunde. Kazi ikichelewa, fremu inarukwa, na jicho linaona mkwamo. Mtu hajui neno la kitaalamu la kuuelezea mkwamo huo. Atasema tu kwamba tovuti ni nzito.

Ndani ya milisekunde hizo kivinjari kinapita hatua kadhaa. Kinasoma kanuni za mwonekano. Kinapanga: kila kisanduku kina upana gani na kinakaa wapi. Kinapaka rangi. Mwisho kinakusanya tabaka zilizopakwa na kuzipanga juu ya skrini, kazi ambayo chipu ya michoro inaiweza kwa wepesi mkubwa. Siri ya kazi njema iko katika kujua unaigusa hatua ipi. Chukua ile menyu inayoteleza kutoka kushoto. Unaweza kuisogeza kwa kubadilisha sifa ya left, yaani umbali wake kutoka ukingo. Ukifanya hivyo, kivinjari kinalazimika kupanga upya katika kila fremu, na mara nyingi kupaka upya pia. Unaweza pia kuisogeza kwa sifa ya transform. Hapo kivinjari kinapanga na kupaka mara moja, kisha tabaka iliyokwisha kupakwa inasogezwa na chipu ya michoro. Kwenye kompyuta ya bei kubwa njia hizi mbili zinaonekana sawa. Kwenye simu ya bei ndogo, moja inateleza na nyingine inajikwaa. Ndiyo maana watu wa kazi hii wanapendelea sifa mbili, transform na opacity, yaani mahali au ukubwa wa kitu, na kiwango cha kuonekana kwake. Kwa hizo mbili tu unaweza kusema mengi ajabu.

Tuuache msimbo kidogo, tuje kwenye usanifu wenyewe. Mwendo mbaya kuliko wote ni ule unaokwenda kwa kasi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Macho yetu yamekulia katika dunia ya vitu vyenye uzito. Jahazi likiondoka gatini haliruki. Linajivuta, linashika upepo, linakolea, na linapokaribia bandari linapunguza kabla ya kugusa. Wachoraji wa Disney waliijua kanuni hiyo zamani, na Frank Thomas na Ollie Johnston waliiorodhesha miongoni mwa misingi 12 ya uhuishaji katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kwenye CSS tunaiandika kwa mkunjo wa Bézier, unaobeba jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia mikunjo hiyo kusanifu mabodi ya magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameifikia hesabu hiyohiyo kwa njia yake. Namba nne tu zinatosha kumwambia kivinjari mwendo ukolee vipi na upoe vipi.

Kuna adabu zake. Kitu kinachoingia kwenye skrini kiingie kwa kasi kisha kipoe, ili jicho lipate muda wa kukipokea. Kinachotoka kiondoke upesi, maana msomaji ameshamalizana nacho. Menyu na visanduku vidogo vinatosheka na milisekunde 200 hadi 300. Ukivuka nusu sekunde, mtu anaanza kusubiri. Na usisahau kwamba wewe uliyeutengeneza mwendo huo uliufurahia mara ya kwanza. Karani anayeitumia tovuti hiyo ofisini atauona mamia ya mara kwa siku.

Mtu atauliza: basi mwendo wa nini? Si bora ukurasa utulie? Hapana. Mwendo una kazi ambayo maneno na rangi haviiwezi. Mtaalamu Jakob Nielsen, katika kitabu chake cha mwaka 1993, akifuata utafiti wa Robert Miller wa mwaka 1968, alieleza mipaka ya subira ya mtu mbele ya kompyuta. Jibu likija ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi amelisababisha yeye mwenyewe. Likifika sekunde moja, mawazo yake bado hayajakatika, ingawa amehisi kuchelewa. Likifika sekunde 10, umempoteza. Sasa mfikirie mama anayetuma ada ya shule kwa simu. Amebonyeza kitufe, na kwa sekunde tatu hakuna kilichobadilika. Anajiuliza: imekwenda, haikwenda? Anabonyeza tena. Hofu yake ya kulipa mara mbili ni ya haki kabisa. Kitufe kingedidimia palepale, kikafifia ili kisibonyezeke tena, na duara likaanza kuzunguka ndani yake, mama huyo angejua kwamba amesikika. Hiyo siyo mapambo. Hiyo ni huduma.

Ndivyo ilivyo pia mtu anapofuta kitu kwenye orodha. Kikitoweka ghafla, vilivyobaki vinaruka, naye hajui amefuta kipi. Kikisinyaa, na vya chini vikapanda taratibu kujaza nafasi, ameona kwa macho yake kilichotokea. Mwendo unaeleza kitu kimetoka wapi na kimekwenda wapi. Kwa hiyo mwendo nao unaweza kusema kweli au kusema uongo. Mstari wa kuonyesha kazi imefika wapi, ukiandikwa ujaze asilimia tisini upesi ilhali nyuma yake hakuna kilichofanyika, ni uongo. Kuwaweka watu katika matumaini ambayo hayana msingi ni kuwakosea, na sisi wa kazi hii tusikubali kuuandika msimbo wa namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo lazima lisemwe kwa uzito wake, nalo ni madhara. Tarehe 16 Desemba 1997, televisheni ya Japani ilionyesha kipindi cha katuni cha Pokémon kilichokuwa na mwako wa rangi nyekundu na buluu zikipokezana kwa kasi, karibu mara 12 kwa sekunde. Watazamaji 685, wengi wao watoto, walikimbizwa hospitalini, baadhi yao wakiwa na degedege. Kutokana na hatari za namna hiyo, kanuni za ufikivu za W3C, yaani za kumwezesha kila mtu kuutumia wavuti, tangu toleo lake la mwaka 2008 zinakataza kitu chochote cha wavuti kumweka zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, isipokuwa mwako huo uwe mdogo au hafifu kiasi cha kutodhuru. Zinataka pia kwamba mwendo unaoanza wenyewe pembeni ya maandishi, na unaodumu zaidi ya sekunde tano, uwe na njia ya kusimamishwa.

Wapo pia wenye matatizo ya mfumo wa usawa ulio ndani ya sikio. Kwao, picha ya nyuma inayokwenda kwa kasi tofauti na ya mbele, au skrini nzima inayovutika kana kwamba unaingia ndani yake, huleta kizunguzungu na kichefuchefu cha kweli. Apple ilipotoa iOS 7 mwaka 2013, ikiwa imejaa miendo ya aina hiyo, watu walilalamika kwamba simu zao zinawaumiza, na kampuni ikapanua mpangilio wa kupunguza mwendo. Mwaka 2017 Safari ikaanza kuupitisha uchaguzi huo hadi kwenye tovuti, kupitia sharti la CSS liitwalo prefers-reduced-motion, na leo vivinjari vyote vikubwa vinalielewa. Msikilizaji, kama wewe ni mmoja wa wanaosumbuliwa, fungua mipangilio ya simu yako, sehemu ya ufikivu, utaupata mpangilio huo. Nawe mwandishi wa msimbo, kuliheshimu sharti hilo kunahitaji mistari michache tu. Pale ambapo kitu kingeruka kutoka upande hadi upande, kifanye kijitokeze taratibu kikiwa mahali pake. Habari inafika ileile, na kichwa cha mtu kinabaki salama.

Nije sasa kwetu Afrika Mashariki. Watu wetu wengi wanaufikia wavuti kwa simu, na bando wanalinunua kwa siku au kwa wiki, kwa kiasi kinachohesabika. Kwao, video ya megabaiti kadhaa inayojicheza yenyewe nyuma ya jina la kampuni ni fedha iliyochukuliwa bila kuombwa. Tovuti ya hospitali au ya bodi ya mikopo inayofunguka kwa madoido marefu inamchelewesha mtu mwenye shida. Wasanifu wetu ndio wanaoijua hali hii kuliko mtu yeyote, kwa sababu ni hali ya ndugu zao na majirani zao. Ujuzi huo ni mtaji. Anayeweza kutengeneza mwendo mwepesi, laini, unaokwenda vizuri kwenye simu ya bei ndogo mahali penye mtandao hafifu, ameshinda mtihani mgumu kuliko wa mwenzake aliyezoea mashine kubwa.

Vipaji vya kuchora tunavyo. Taasisi ya Ubongo ya Dar es Salaam imekuwa ikitengeneza Ubongo Kids tangu mwaka 2014, ikifundisha watoto hisabati na sayansi kwa katuni na nyimbo, na wanaowapa mwendo wahusika wale ni vijana wa hapahapa. Waandishi wa programu nao tunao, kuanzia Nairobi hadi Kigali. Kinachokosekana mara nyingi ni meza moja ya kuwakutanisha. Vyuo vinamfundisha mchoraji katika jengo hili na mwandishi wa msimbo katika jengo lile, kisha wote wawili wanahitimu bila kuijua kazi ya mwenzake. Mchoraji anachora mwendo usiotekelezeka. Mwandishi anautekeleza mwendo usio na roho. Wakufunzi mnaonisikiliza, wapeni wanafunzi wenu hawa zoezi moja la pamoja kila muhula, na mtaiona tofauti.

Nawe kijana unayetaka kuanza, usingoje kompyuta ya mamilioni. Kivinjari chako ndicho karakana yako. Michoro ya SVG unaweza kuichora kwa Inkscape, programu ya bure. Msimbo unaandikwa kwa kihariri chochote cha maandishi. Ndani ya Chrome kuna zana za watengenezaji zinazokuwezesha kuupunguza mwendo hadi sehemu ya kumi ya kasi yake, ukauona kosa ambalo jicho lilikuwa halilikamati. Na unaweza kuiamuru kompyuta yako ijifanye dhaifu ili uone simu ya mtu wa kawaida inapata taabu gani. Anza na karatasi: chora hali ya kwanza na hali ya mwisho, kisha jiulize mtu anapaswa kuelewa nini katikati yake. Chagua kitufe kimoja ukisanifu mpaka kiridhishe. Kisha kakijaribu kwenye simu ya zamani kuliko zote utakayoipata nyumbani, kabla hujamwonyesha mteja.

Na ninyi mnaolipia tovuti, wakuu wa idara, wenye maduka, wahariri wa magazeti, msichague kazi kwa wingi wa vitu vinavyoruka. Mbele ya aliyeileta kazi, ulizeni: nikiuondoa mwendo huu, msomaji wangu atakosa nini? Utakwendaje kwenye simu ya bei ndogo, na utamgharimu kiasi gani cha bando? Asiyeweza kuvumilia mwendo ataonaje ukurasa huu? Msanifu mwenye ujuzi atakuwa na majibu tayari, maana ameshajiuliza mwenyewe. Huyo mlipeni vizuri na mumrudie tena. Asiyekuwa na majibu, mrudishieni kazi yake akaimalize, kwa kuwa watakaoubeba uzito wake ni wananchi wenye simu mkononi, na wao hawakuwepo mezani mlipokubaliana bei.